Mwonja Karatasi wa Niboye

Watu wengi wakiokota karatasi nzuri huitazama. Fundi aliionja. Alilowesha kidole kwa ulimi, akasugua pembe ya karatasi mara tatu, kisha akageuza kidole kwenye mwanga kuona kama kimeshika rangi. Kidole kikitoka kisafi, karatasi iliingia kasha la kushoto, ikasubiri kukatwa na kuviringishwa kuwa shanga. Kikitoka chekundu au cha buluu, karatasi ilikwenda kasha la kulia, ambalo lilikuwa la kuwashia jiko. Wageni waliomkuta katikati ya shughuli hiyo walidhani mama wa watu amechanganyikiwa. Sisi wa mtaani tulishazoea. Mwenyewe alisema kalenda ina ladha nzuri kuliko gazeti, na kwamba karatasi za matangazo ya simu zina chumvi.

Siku hizi naweza kumsimulia hivi huku nacheka. Kwa karibu miaka miwili sikuweza. Nilikuwa nimemfanyia kosa, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukamharibia maisha kuliko kosa lenyewe. Nitalisema nikifika. Kwanza acha nimweleze alivyo, maana nikianza na kosa langu nitajifanya mimi ndiye mwenye habari, na mwenye habari ni yeye.

Tulikuwa majirani Niboye, hapa Kigali, nyumba mbili tu kati yetu. Ukoo wake siujui na sikuwahi kuuliza. Najua alikuwa Mwislamu, mjane, anaishi na binti yake mmoja, na kwamba kila mtu alimwita Fundi, kuanzia watoto wa shule hadi mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu. Mimi nililelewa Tanzania, nikarudi Kigali mtu mzima, kwa hiyo hakuniita jina langu hata siku moja. Nilikuwa Mtanzania. Kiswahili changu alikiita cha redio. Chake kilikuwa cha hapa hapa mjini, kimechanganyika na Kinyarwanda mpaka huwezi kuvitenganisha, na kila kitu kwake kilikuwa "iko": chai iko, mvua iko, fulani iko mgonjwa. Tulielewana bila shida, na tulichekana kila siku.

Shanga zake zilikuwa za karatasi. Anakata karatasi pembetatu ndefu, nyembamba, anaanza kuiviringisha upande mpana juu ya spoku ya baiskeli, anamalizia na tone la gundi kwenye ncha, anaichomoa, anaitundika kwenye uzi ikauke. Kisha vanishi, mara mbili, ile ya maseremala wa Gikondo, mtaa wa mafundi na gereji. Ukiiona shingoni mwa mtu huwezi kuamini kwamba jana ilikuwa tangazo la sabuni. Ndoano za hereni alizipinda mwenyewe kwa waya wa shaba uliotolewa kwenye mota zilizoungua. Alitengeneza pia vitu vya kupamba nyumba. Wavu wa mbele wa feni ulikuwa fremu ya kioo, kioo cha taa ya gari kilikuwa bakuli la peremende, gunia la kahawa lilikuwa pambo la ukutani lenye nyuzi za rangi, na kitasa cha mlango wa nyumba iliyobomolewa kilikuwa mahali pa kutundikia koti.

Gikondo alikwenda kila Jumanne. Hakuomba kitu gereji, na hakununua. Alikaa juu ya tairi kuukuu akazungumza na mafundi habari za watoto wao na goti lake, saa nzima, mpaka mmoja achoke aseme, Mama, kwani leo unataka nini? Ndipo anaonyesha kwa kidevu. Siku moja alipewa kioo cha pembeni cha lori, kikubwa kama sinia, akapanda nacho pikipiki akiwa amekikumbatia mbele ya kifua. Dereva alikubali kwa masharti kwamba kisimguse mgongoni. Walipofika taa za barabarani, askari wa usalama akawasimamisha akauliza hicho ni nini. Fundi akamwambia ajitazame kwanza, kofia yake imekaa upande. Askari akajitazama, akaiweka sawa, akawaruhusu wapite. Hadithi hiyo aliisimulia mara nyingi, na kila mara kofia ilikuwa imekaa upande zaidi.

Neno moja lilimtia wazimu: takataka. Kuna mwanamke mmoja, mteja mzuri, alikuja akashika taa ya mezani iliyotengenezwa na kichujio cha mafuta, akasema jamani, kumbe takataka zinaweza kupendeza hivi. Fundi akaichukua ile taa mikononi mwake, taratibu, kwa heshima zote, akairudisha rafuni na kumwambia haiuzwi. Akamwongeza chai. Yule mama alikunywa chai yake yote bila kujua alichokosea. Baadaye nilimuuliza Fundi kwa nini amejinyima biashara, akasema kitu hakijafa, kimechoka tu, na mtu aliyechoka hatumwiti maiti.

Sasa ukiingia sebuleni kwake, weee. Ukutani saa ya dukani ya rangi ya dhahabu, maua ya plastiki ndani ya chombo cha plastiki, na makochi ambayo bado yalikuwa na nailoni yake. Hakuna hata shanga moja ya karatasi. Shingoni mwake alivaa kicheni chembamba cha dukani kinachong'aa. Nilimuuliza siku moja mbona havai kazi yake. Akanishangaa kweli kweli. Alisema ameshinda siku nzima ameshika vitu vya zamani, akirudi ndani anataka kuona kitu kipya. Hakuona kama kuna kugongana hapo, na mimi sikuendelea kubisha.

Alhamisi mchana alitufundisha wanawake watano. Alikuwa mkali bila kupaza sauti. Ukivuruga mpangilio wa mkufu, hakwambii kitu. Anachukua mkasi, anakata uzi, shanga zinatawanyika sakafuni, na wewe unapiga magoti kuziokota moja moja. Nilizifahamu pembe zote za sakafu ile. Kisha analeta mandazi na chai ya tangawizi, anakuuliza mama yako hajambo, kana kwamba si yeye aliyekuwa na mkasi dakika mbili zilizopita. Uzi aliupima kwa ubahili wa ajabu, mandazi hakuyahesabu. Tulimwogopa, tulimpenda, na ukitaka kweli, kila mmoja wetu alikuwa anaomba kimoyomoyo asifiwe japo mara moja.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa na utaratibu wake. Ulimi wa mtu aliyefunga, alisema, hauendi kwenye karatasi. Nilimshauri atumie maji ya bomba. Alinitazama kama nimemtukania marehemu. Maji ya bomba ni baridi, akasema, jasho la mtu ni la moto na lina chumvi kama mate, na shanga inakaa shingoni, haikai kwenye ndoo. Kwa hiyo mwezi huo alitumia karatasi zilizoonjwa kabla ya mfungo, na zikipungua aliniita mimi Mkristo nimwonjee. Nilikaa kwenye mkeka wake, natoa ulimi kama mtoto mbele ya daktari, na yeye ananisimamia. Alikuwa hataki mwingine. Binti yake alisema ni heshima kubwa hiyo, mama yake hamwamini mtu na makasha yale mawili.

Basi, hapo ndipo nilipokosea.

Ramadhani ya mwisho tukiwa majirani, kiongozi wa kwaya wa mtaa wetu alikuja na kazi. Mwanawe alikuwa anakwenda kuposa wiki mbili baada ya Idi, na alitaka mikufu minane ya kufanana kwa ajili ya mashangazi, kijani na buluu. Fundi hakuwa na karatasi za rangi hizo. Mimi nilikuwa nafanya kazi mapokezi kwenye ofisi ya wachora ramani za nyumba. Walikuwa na mashine kubwa ya kuchapa kwa wino, na karatasi zilizoharibika walizitupa: nyumba za ghorofa ambazo hazijajengwa, bustani za kijani kibichi, na juu yake anga la buluu bila wingu. Nikakusanya rundo, nikampelekea.

Fundi alizipitisha mkononi moja moja. Akasema, "Mtanzania, leo umefanya kazi."

Miaka yote ile hakuwahi kuniambia hivyo. Kisha adhana ya alasiri ikaadhiniwa, akaenda kuswali, akaniachia rundo nilionje. Nikakaa mbele yake. Nikalowesha kidole. Nikakishika juu ya ile bustani, na sikukisugua. Niliogopa rangi itatoka. Niliogopa karatasi zangu zitakwenda jikoni na ile sifa itakwenda nazo. Nikazihamishia zote kasha la kushoto, nikazipanga vizuri, nikafuta kidole kwenye sketi.

Mikufu ilitoka mizuri mno. Tuliitazama kwa zamu. Siku ya posa Fundi alialikwa, na mimi nilikuwepo, nimevaa vizuri, nasaidia kupokea wageni. Wazee walikuwa katikati ya maneno yao, upande wa kijana unaomba, upande wa binti unajifanya hauelewi, watu wanacheka, mara mvua ya ghafla na upepo vikaingia chini ya mahema. Mashangazi wakakimbilia ukumbini. Walipofika mlangoni mmoja akamnyooshea kidole mwenzake shingoni. Vanishi ilikuwa imeshika nje ya shanga, lakini maji na jasho viliingia kwa matundu ya uzi, na wino ukashuka. Mashangazi wanane, shingo za kijani, mishanana yao, zile nguo za sherehe za kufungwa begani, ya rangi ya maziwa, ina michirizi ya buluu mpaka kifuani. Upande wa binti walicheka. Kiongozi wa kwaya alilia mbele za watu.

Fundi aliwavua ile mikufu yeye mwenyewe, mmoja mmoja, huku akiomba radhi. Kisha akanivuta nyuma ya ukumbi.

"Zile karatasi, ulizionja?"

Nikamwambia nimezionja zote, Mama.

Hakuniuliza tena. Alitazama mikono yake, akasema basi ni yeye, amechukua karatasi za kasha la kulia bila kuona, macho yamemwisha. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Nilikuwa nayo pia kesho yake, na kesho kutwa. Wiki iliyofuata alituita wanawake watano akatugawia mikasi yake, spoku zake na mkebe wa vanishi uliobaki nusu, akasema mtu asiyetofautisha kushoto na kulia hafai kushika mkasi. Mimi alinipa mkasi mkubwa. Nilipokea kwa mikono miwili. Mwezi haukuisha nikahama Niboye, nikawaambia watu nyumba ina unyevu.

Nilijipa moyo. Ni mzee, nilijiambia, acha apumzike, angeacha siku yoyote. Mtu akitaka kujidanganya hakosi la kusema. Ule mkasi niliuweka chini kabisa ya sanduku, na basi la kupitia Niboye nikalikwepa, hata kama njia ya pili ilinichelewesha kazini.

Karibu miaka miwili baadaye nikakutana na binti yake kwenye stendi ya Nyabugogo. Mimi nilikuwa nasubiri basi la kwenda mkoani, yeye alikuwa na gunia la viazi vitamu na mbebaji aliyekuwa akigombana naye. Alinikumbatia kwa furaha, jambo ambalo lilinichoma. Nikamuuliza Mama hajambo. Uso ukabadilika. Alisema Mama anakaa tu. Hapiki, kwa sababu anaogopa ataweka chumvi mahali pa sukari. Gikondo haendi. Kuvuka barabara hadi dukani lazima ashikwe mkono. Alimpeleka kwa daktari wa macho, daktari akasema macho mazuri kwa umri wake, anahitaji miwani ya kusomea tu. Miwani ikanunuliwa. Haijatoka kwenye kibegi chake.

"Anasema daktari hakuziona zile shanga," binti akaniambia. "Anasema macho yake yeye ndiye anayeyajua."

Basi langu lilikuja likaondoka. Nilibaki nimesimama pale katikati ya kelele zote zile. Kumbe nilikuwa nadhani nimemnyang'anya kazi tu.

Jumamosi iliyofuata, umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ulipoisha na watu wanarudi na majembe yao, nilikwenda Niboye. Nilimkuta barazani, amekaa kwenye kiti, mikono mapajani. Sikuwahi kuiona mikono ile imelala. Binti yake alikuwa kando, ana sinia la mchele anachambua mawe. Fundi alinikaribisha, akaniuliza habari za kazi, za wazazi, akaamuru nipewe chai. Nilisema chai nitakunywa baadaye kama bado atataka ninywe.

Nikamwambia yote. Sikujieleza sana, nilihofia nikianza kujieleza sitamaliza. Nikasema sikuzionja. Nikasema nililowesha kidole nikakirudisha, kwa sababu alikuwa amenisifu. Nikasema nilizipanga kasha la kushoto kwa mikono yangu, na yeye alichukua kasha la kushoto, lile lile lililotakiwa, hakukosea. Binti yake aliacha kuchambua.

Mtu alipita na baiskeli, akasalimia, hakujibiwa.

"Kasha la kushoto," Fundi akasema.

"La kushoto, Mama."

"Kwa hiyo macho yangu iko sawa?"

"Yako sawa."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akaniambia niseme kwa sauti, binti yake asikie, nikasema kwa sauti. Alivuta pumzi ndefu ikatoka polepole, na mabega yake, ambayo sikuwa nimeona yamepanda, yakashuka. Kisha akanyoosha mikono akachukua sinia la mchele kutoka kwa binti yake. Akaagiza miwani iletwe. Ilikuja kwenye kibegi chake, akaivaa, ikamkaa upande, akainamia mchele. Akatoa jiwe. Akaniwekea kiganjani. Akatoa la pili, la tatu, na punje moja nyeusi ambayo binti alikuwa ameiruka, na hiyo akamwonyesha binti kwa makusudi. Nililia hapo. Yeye hakulia. Alisema miaka miwili anakula mchele una mawe na anaogopa kusema, akidhani ni meno.

Nikamwomba msamaha. Alisema amenikasirikia sana, rwose, kweli kabisa, lakini leo furaha imejaa na hasira haina pa kukaa. Jumatatu nije niichukue hiyo hasira. Jumatatu tutakwenda wote kwa kiongozi wa kwaya, na mimi ndiye nitakayesema, kwa mdomo wangu, kama nilivyosema hapa. Nilimjibu nitakuja. Nilijisikia mwepesi nikaona aibu kwa wepesi wenyewe. Akaniambia sasa ninywe chai yangu, imepoa.

Nilipoaga alisimama kunisindikiza. Binti yake aliinuka haraka, mkono mbele, kama alivyozoea. Fundi akamwambia akae, mchele haujaoshwa. Tukatembea mpaka barabarani, akavuka na mimi hadi ng'ambo, tukaagana kwa mikono miwili. Kisha akageuka kurudi. Nilitaka kumshika. Nilijizuia.

Alisimama ukingoni. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaacha pikipiki ipite, akaacha na gari dogo lipite, akavuka peke yake katikati ya mchana, bila haraka. Alipofika upande wake hakugeuka kuniangalia. Alikuwa tayari anampigia binti yake kelele kwamba chumvi asiguse, leo ataitia mwenyewe.